Kidole cha Nyuma cha Korongo

Jumamosi nilikuwa nyuma ya nyumba yangu hapa Bariadi, nachambua dagaa, simu ikalia. Ilikuwa picha kwenye grupu letu la watazama ndege. Tumo watu wa kila namna humo: mwalimu mstaafu, kijana anayeuza dawa za mifugo, muuguzi mmoja wa Maswa, mimi, na wengine ambao hata nikipishana nao sokoni siwezi kuwajua. Kazi yetu ni moja tu. Baridi ikibana Ulaya, ndege wa huko hushuka kwetu, na anayewaona wa kwanza anawapasha wenzake. Mbayuwayu wameingia Lalago. Keremkerem wamejaa kwenye nyaya za umeme. Ukisema umeona na huna picha, utataniwa mpaka ujute kuwa na macho. "Ndugu, huyo ni ndege au ni njaa?" ndivyo mwalimu mstaafu anavyopenda kuuliza, na sote tunacheka.

Picha ya Jumamosi haikuwa ya ndege. Ilikuwa ya tope la kandokando ya lambo moja kule Bukundi, na kwenye tope kulikuwa na alama ya mguu. Kijana wa dawa za mifugo alikuwa ameandika chini yake, "Wakuu, huyu ni nani?" Nikamjibu palepale kwamba ni korongo mweupe. Akarudi tena, "Dada Kabula, umejuaje? Mbona mimi naona mguu wa ndege tu?" Nikaanza kumwandikia. Niliandika maneno machache, kisha vidole vikagoma. Niliiweka simu kwenye ungo juu ya dagaa, nikajifunika uso kwa mikono inayonuka samaki. Binti yangu alitoka jikoni akaniuliza kuna msiba gani. Nikamwambia hakuna, aendelee na kazi yake.

Lakini ulikuwepo. Mama yangu tulimzika mwaka huu, na ile alama ya tope ilikuwa imenipeleka moja kwa moja shambani kwake, ng'ambo ya Migato, mwaka ambao mvua ilitukimbia.

Nilikuwa kwenye umri wa kung'oka meno ya mbele. Udongo wa kwetu ni ule mweusi, wa mbuga, ambao ukipata maji unakushika mguu usiondoke, na ukikosa maji unapasuka nyufa ambazo kifaranga anaweza kutumbukia. Mwaka ule nyufa zilifika hadi mlangoni. Baba alikuwa ameondoka na ng'ombe, pamoja na maksai wetu wawili wa kulimia, akielekea Bukundi na mbele ya Bukundi, popote ambapo angekuta jani. Siku ya kuondoka aliniona nimenuna kwenye kizingiti, akaniambia, "Usilie. Korongo wakitua hapa, ujue na mimi niko njiani." Mtu mzima anasema neno kama hilo ili atoke salama nyumbani kwake. Mtoto analishika kama ahadi ya kanisani.

Tulibaki watatu, yaani mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, mimi, na mdogo wangu Shija, ambaye alikuwa bado hajatembea vizuri.

Sasa niwaambie kuhusu grupu la kwanza la ndege nililolifahamu, maana lilikuwepo kabla ya simu. Lilikutana lamboni kila asubuhi. Lambo lenyewe lilikuwa limekauka, wanawake walichimba visima vidogo katikati yake na kungoja maji yajikusanye, kata kwa kata. Kungoja huko kulichukua muda mrefu kuliko kuteka, kwa hiyo walikaa chini kwenye ndoo zilizopinduliwa na kupeana habari. Baada ya salamu za "mwangaluka" na "mhola", swali la kwanza halikuwa la mgonjwa wala la deni. Lilikuwa, "Umeona nani?" Na kila mtu alijua linauliza nani wa angani. Aliyetoka gulioni Bariadi alisema amewaona mbayuwayu wamekaa juu ya paa la ginari ya pamba. Aliyetembelewa na shemeji wa Lalago alisema kule mwewe wamezidi. Walipima mvua kwa ndege kama watu wa leo wanavyopima kwa redio, na sidhani kama walikosea zaidi ya redio.

Lakini mkubwa wa ndege wote alikuwa korongo. Na kwake kulikuwa na sheria. Korongo anayepita juu hahesabiwi, huyo ni wa wenzetu. Anayehesabiwa ni aliyetua. Na shamba atakalotua la kwanza, mwaka hufunguliwa hapo. Mzee mmoja ataitwa kuziangalia nyayo kabla upepo haujazifuta, akisema kweli wametua, basi plau zote za kitongoji zinaanzia kwenye shamba hilo kabla ya jingine lolote, hata kama mwenye shamba ni mjane asiye na mbuzi. Leo ningeweza kukueleza kwamba korongo hufuata panzi na viwavi, na viwavi hufuata unyevu, kwa hiyo si uchawi. Wakati ule hakuna aliyehitaji maelezo hayo. Ilikuwa desturi yetu, kama ilivyo desturi ya grupu letu kudai picha.

Mwaka ule walipita. Hilo ndilo lilikuwa baya kuliko kutokuja kabisa. Walikuja kutoka upande wa Bariadi, juu sana, wakizunguka na kuzunguka bila kupiga bawa, kisha wakajivuta kuelekea kusini. Wanawake walisimama lamboni na vichwa nyuma. Bibi mmoja alipiga makofi akiwaita, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto aliyepanda mti. Hawakushuka. Kesho yake wakapita wengine. Keshokutwa tukapata habari kwamba wametua Bukundi. Mimi nilifurahi, nikaruka, kwa sababu Bukundi ndiko alikokuwa baba, na niliona ni haki waanze kwa baba kisha waje naye. Mayu alinitazama nikiruka, akajitwisha ndoo ambayo haikuwa imejaa hata nusu.

Kihenge chetu kilikuwa kitupu. Tulikuwa tunakula matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, yale ya mwisho kabisa ya chini ya gunia, yaliyokuwa vumbi zaidi ya kiazi, na mayu aliyachemsha mpaka maji yapate rangi ili Shija apewe yale maji. Shija alikuwa ameacha kulia. Nilidhani amekua. Nilimsifia kwa mayu, nikamwambia, "Siku hizi Shija ana akili, halii hovyo." Mayu aliweka mkono kwenye paji la uso wake, akaunyanyua, akauweka tena, kama alivyokuwa akifanya kila mara. Alipenda kutupima homa kwa vidole, siyo kwa kiganja. Nakumbuka vidole vile vitatu vya katikati, vikavu, vikinuka moshi.

Kitu kimoja tu kilibaki ndani, kibuyu cha mbegu za mtama kilichoning'inia juu ya moto, kwenye moshi, ili wadudu wasikiguse. Jioni moja mayu alikishusha, akamimina mbegu kwenye ungo. Nilikaa karibu yake, mate yamejaa mdomoni, nikijua leo ni uji. Alizichezesha kwa mkono muda mrefu. Kisha akazirudisha kwenye kibuyu, moja moja zile zilizoanguka pembeni, akakitundika. Nililia kwa hasira. Hakunipiga. Aliniambia, "Tukizila hizi, ng'wanawane, tumekula na mwakani."

Mtoto haelewi hesabu ile, ila mtu mzima anaielewa vizuri mno. Mtama ulitakiwa uwe ardhini mvua ya kwanza inapogusa. Ukichelewa, mvua inakatika ukiwa bado mchanga, na ukinusurika hapo unasubiriwa na kwelea. Jembe la mkono lilikuwa limeshindwa, nilimwona mayu akilipiga kwenye ule udongo na jembe likirudi juu kama limepiga jiwe, mpaka akakaa chini katikati ya shamba akahema. Maksai wetu walikuwa na baba. Kitongoji kizima walikuwa wamebaki maksai wawili tu wanaoweza kusimama, wa mzee Maduhu, mmoja mwekundu aliyeitwa Chapakazi na mwenzake mweusi. Mzee Maduhu alikuwa mchungaji wa ng'ombe tangu utoto wake, mtu wa maneno machache, nasi watoto tulimwita guku, yaani babu. Mvua ikinyesha, angelima kwake, halafu kwa shemeji yake Nyanzobe, halafu kwa wale wa ukoo, halafu kwa wengine. Sisi tungekuwa wa mwisho, kama maksai wangekuwa bado hai kufikia mwisho. Njia pekee ya kuwa wa kwanza ilikuwa korongo watue kwetu. Na korongo walikuwa wanapita.

Mfa maji haachi kutapatapa.

Asubuhi moja niliamka mapema, nikatoka nje kujisaidia. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, mwanga wa kijivu. Nilimwona mayu katikati ya shamba, kwenye ile sehemu ambayo jembe lake lilikuwa limelainisha vumbi. Alikuwa amechuchumaa. Aliweka mkono chini, akaunyanyua, akasogea kidogo, akauweka tena. Vidole vile vitatu. Niliona kila kitu na nilielewa kila kitu, au ndivyo nilivyojiambia. Shamba linaumwa. Mayu analipima homa. Nilimwonea huruma, kwa sababu shamba ni kubwa na asingelimaliza kulipima peke yake, lakini kulikuwa na baridi, nikarudi ndani kulala.

Nilipoamka tena jua lilikuwa limetoka na mayu alikuwa amekwisha kurudi kutoka lamboni, na nyuma yake kulikuwa na watu. Huko lamboni, nilikuja kusikia, wenzake walipouliza "Umeona nani?" alikuwa amejibu kwa sauti ya kawaida tu, "Korongo. Wametua kwangu jana jioni, wamelala, wameondoka alfajiri." Ndoo moja ilianguka. Nyanzobe aliuliza nani mwingine amewaona, na mayu akasema hajui, yeye hakwenda kugonga milango ya watu. Basi wakamwita mzee Maduhu.

Alikuja na fimbo yake, taratibu. Alikuwa na jicho moja lililoingia ukungu, akitazama kitu aligeuza kichwa kama kuku. Wanawake walisimama pembeni wasije wakakanyaga. Mayu alisimama peke yake upande wa pili, ameshika mpini wa jembe lake kwa mikono miwili. Zilikuwepo, nyayo nyingi, zimetawanyika kama za ndege wanaotembea wakiokota. Mzee alichuchumaa kwenye ile ya kwanza. Akaitazama. Akasogea kwenye ya pili, akaitazama pia. Alikaa pale kwa muda mrefu kiasi kwamba wanawake wakaanza kuguna.

"Shemeji, vipi, wamekupa salamu?" Nyanzobe alisema. Kisha akanigeukia mimi. Hakuwa mwanamke mbaya, na kwake pia kulikuwa na watoto. "Kabula, wewe unalala humu ndani. Uliwaona hao korongo?"

Nilitamani sana kuwa nimewaona. Lakini sikuwaona, na niliona aibu kwa hilo, kwa hiyo nilisema kile nilichokiona ili na mimi nisionekane mzembe. "Mimi nilikuwa nimelala. Ila mayu aliamka mapema. Nilimwona anazigusa hapo chini na vidole."

Wanawake wote wakamgeukia mayu. Mayu hakuwatazama watu. Alinitazama mimi. Nilidhani amekasirika kwa sababu nimesema mambo ya homa ya shamba mbele ya wageni. Macho yake yalikuwa makubwa na hayakupepesa, na nikajua nimeharibu kitu, ila nini?

Mzee Maduhu hakuinua kichwa. "Hata mimi ningezigusa," alisema. "Mtu ameletewa wageni na Mungu mwaka kama huu, asiguse?" Na akanyoosha mkono wake, akabonyeza kidole gumba kwenye vumbi, nyuma kidogo ya ile alama. Akasogea, akabonyeza nyuma ya nyingine. Alifanya hivyo kwenye nyingi, akitambaa kwa kuchuchumaa, akijinung'unikia, kama mpishi anayejaribu kama viazi vimeiva. Mayu alikuwa bado ananitazama mimi. Kisha mzee akaegemea fimbo, akainuka kwa shida, akamwita shemeji yake. "Nyanzobe, njoo wewe mwenye macho mawili. Huyu ni nani?"

Nyanzobe aliinama, akaangalia moja, akaangalia nyingine. Alitaka sana isiwe. Nilimwona usoni. Mwishowe akafuta mikono kwenye kanga yake akasema, "Ni korongo."

"Wametua," alisema mzee Maduhu. "Nakwenda kufunga nira."

Nilifanya nini mimi? Nilikwenda kufagia uwanja. Korongo wametua, maana yake baba yuko njiani, na sikutaka akute majani makavu mlangoni. Nilifagia mpaka nikafikia njiani, nikakaa hapo na ufagio kungoja ng'ombe watokee. Lakini furaha yangu ilikuwa na mwiba ndani yake. Korongo walikuwa wamelala shambani kwetu usiku kucha, na mimi, niliyewangoja kuliko mtu yeyote, sikuwaona. Niliamini wamejificha ili nisiwaone. Niliamini ni kwa sababu niliwahi kuiba tobolwa la Shija na kulila nyuma ya kihenge. Mtoto mwenye njaa akijitafutia kosa, halikosi.

Walilima siku hiyo hiyo. Vumbi lilipanda mpaka hatukumwona aliyeshika plau, tulisikia tu sauti ya mzee ikiwasemesha wanyama. Wanaume wengine walisukuma kwa nyuma. Ule udongo ulitoka mapande makubwa kama matofali, na wanawake waliyapondaponda kwa majembe, hata Nyanzobe, bila kuimba, ingawa kwa kawaida watu wa kwetu hawalimi bila wimbo. Mbavu za Chapakazi zilionekana zote. Walikuwa wamefika karibu na nusu ya shamba aliposimama. Mzee hakumchapa. Alimwekea mkono shingoni, akamwambia neno, na Chapakazi akapiga hatua nyingine mbili au tatu, halafu akapiga magoti, taratibu, na yule mweusi akavutwa chini pamoja naye kwa nira.

Mzee Maduhu alifungua nira mwenyewe. Alitazama yule ng'ombe kwa lile jicho zima, akaomba kisu, akamchinja kabla roho haijatoka yenyewe, ili nyama iwe nyama na siyo mzoga. Mayu aliketi chini kwenye mtaro wa plau, akajifunika kanga kichwani. Nilidhani analia kwa ajili ya Chapakazi, maana hata mimi nilimlilia.

Nyama iligawanywa kwa kila nyumba. Mkono wa mbele mzee alisema ni wa mwenye shamba, kwa kuwa ng'ombe kaangukia kwake. Mayu alikataa kunyoosha mikono. Akaweka mikono nyuma mgongoni, kabisa, mtu mzima. Basi mzee akanipa mimi, nikauchukua kwa kukumbatia, damu ikanitiririka tumboni, nikaupeleka ndani. Tulikausha ile nyama kwenye moshi pale pale kilipokuwa kibuyu. Mchuzi wa kwanza alipewa Shija kwa kijiko. Alipomaliza, alifungua mdomo akalia kwa sauti ya nguvu, anataka zaidi, na mayu alicheka na kulia papo hapo mpaka nikaogopa.

Mbegu alizipanda zote, liwalo na liwe. Ilinyesha mara moja, manyunyu ya kudanganya, mtama ukachungulia, kijani kidogo, kisha jua likarudi likauchoma hadi ukawa rangi ya karatasi. Mvua ya kweli ilikuja baadaye, wakati kibuyu hakina kitu. Tuliishi kwa ile nyama, kipande kidogo kwenye maji mengi, mpaka mahindi ya msaada yalipofika. Baba alirudi na fimbo yake na chupa ya maji. Nilimkimbilia njiani nikamuuliza kama aliwaona korongo wa Bukundi. Akasema, "Korongo gani?" Alikuwa amesahau kabisa.

Maksai mmoja halimi. Mzee Maduhu alilima kwa jembe la mkono miaka yote iliyobaki ya maisha yake, na hakununua mwingine. Kila tulipovuna, mayu alimpelekea ungo wa kwanza wa mtama kabla sisi hatujaonja. Nilikuwa namsindikiza. Mzee alipokea kwa mikono miwili, na kila mara alimuuliza swali lile lile, akitabasamu kwa upande wa lile jicho bovu, "Na wale wageni wako, Mama Kabula, mwaka huu wamepita?" Mayu alikuwa anainamisha kichwa na kujibu kwa sauti ndogo. Nilifikiri ni heshima. Mzee alikufa nikiwa sekondari, na mayu alilia msibani kuliko wajane.

Ndege niliendelea kuwatazama. Nadhani nilikuwa bado nawatafuta wale walionificha nyuso zao. Ukubwani nilinunua darubini ya mtumba, mume wangu akanicheka kwamba nimekuwa mpelelezi, nikajiunga na lile grupu, na kila korongo akionekana mimi ndiye wa kwanza kuuliza, wamepita au wametua? Wenzangu wanadhani ni utani wangu.

Mayu alikuja kuumwa akiwa kwangu. Siku za mwisho alikuwa akisinzia na kuamka. Mchana mmoja aliniita nikae kitandani, akaniambia, "Kabula, sikuwaona." Nikamuuliza nani. "Korongo," akasema. Akaweka vidole vitatu kwenye godoro, akavibonyeza, akavisogeza, akavibonyeza tena, na nikaiona tena ile asubuhi ya kijivu na nikajua kwamba shamba halikuwa na homa. Alikuwa ameubeba uongo ule miaka yote hiyo bila kumwambia mtu, hata padri. "Mzee wa watu alikuwa haoni vizuri," alisema. "Nilijua haoni vizuri. Nikamdanganya mzee mwenye jicho moja, ng'ombe wake akafa kwa uongo wangu, na bado alikuwa ananiuliza habari za wageni wangu, hana hili wala lile. Nitamwambia nini nikimkuta huko?"

Nilimwambia ilikuwa njaa, mayu. Nilimwambia Shija yuko hai, ana watoto. Alisema anajua, lakini hilo si jibu la kumpa Maduhu. Akageukia ukutani. Hakuzungumza jambo hilo tena, na siku alipokata roho, uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kuitwa barazani.

Sasa mnaelewa kwa nini simu ilikaa kwenye dagaa. Kijana aliniuliza nimejuaje kwamba ile ni alama ya korongo, na jibu ni jepesi, kila mtazama ndege analijua. Nilikuwa nimekwisha kuandika, "Angalia kidole cha nyuma." Korongo ana vidole vitatu mbele, virefu, na nyuma ana kimoja kifupi, ambacho kinagusa ardhi kidogo tu. Kwenye tope kinaacha kishimo. Kishimo chenyewe ni kama mtu amebonyeza kwa kidole gumba.

Mayu alitumia vidole vitatu. Alikuwa mkulima, alimjua korongo kwa juu, angani, anakopita. Mzee Maduhu alikuwa mchungaji, alikuwa ameshinda maisha yake yote kwenye matope ya malambo pamoja na ng'ombe na ndege. Alijua pia kwamba korongo haondoki alfajiri hata siku moja, husubiri jua liipashe ardhi moto ndipo apande na hewa. Alichuchumaa pale, akaona vidole vya mwanamke kwenye vumbi. Akamsikia na mtoto akisema. Akajua Nyanzobe atataka kuinama aone mwenyewe. Akatoa kidole gumba chake akazimalizia nyayo zile, moja baada ya nyingine, kisha akaenda kumfunga nira Chapakazi, akijua.

Mayu hakuona, kwa sababu wakati ule alikuwa ananitazama mimi. Mimi niliona, na sikujua ninaona nini mpaka Jumamosi, kwenye simu, mikono ikinuka dagaa, wakati hakuna tena wa kumwambia. Mwanamke yule aliishi miaka yote na kufa akiamini amemdanganya mtu mmoja ambaye hakumdanganya hata kidogo. "Na wale wageni wako, mwaka huu wamepita?" Mzee alikuwa anamtania. Alikuwa anamngoja acheke naye.

Nilimjibu kijana wa watu, baadaye, nikamweleza mambo ya kidole cha nyuma, akashukuru. Mwalimu mstaafu akaandika kwamba Dada Kabula hakosei. Niliizima simu. Wenzetu husema waliokufa hukutana huko walikokwenda. Mimi sijui. Lakini kama ni kweli, na kama mayu amemkuta mzee Maduhu na amesimama mbele yake na mikono nyuma mgongoni, akitafuta neno, basi namwomba Mungu jambo moja tu, kwamba mzee awe ameanza yeye kusema.